Jembe Ndilo Linaloimba

Kwa Nzeki ni mahali padogo mno kuwa na historia, na pengine ndiyo sababu watu wake walikuwa na chama cha historia chenye mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, katibu, mweka hazina na muhuri. Muhuri ulipatikana hata kabla ya wanachama. Kilima chenyewe kiko upande wa Kalama, na zamani kilikuwa na mgodi wa ulanga, mawe yale yanayobanduka karatasi kwa karatasi na kung'aa kama kioo. Mzungu aliyeuendesha aliondoka baada ya uhuru, akaacha mashimo, banda moja la mabati na vipande vya ulanga vilivyotapakaa kila mahali. Mpaka leo ukifagia ua asubuhi ya jua, ua mzima unakukonyeza.

Mwaka wa 1999 chama kiliamua kuligeuza banda lile kuwa jumba la kumbukumbu. Salad, mfanyabiashara wa mifugo kutoka mjini, ambaye alikuwa akifungia mbuzi wake humo siku za mnada, aliwaondoa bila ugomvi, na kwa shukrani akafanywa mweka hazina. Mbuzi waliondoka, harufu yao ikakataa. Mlangoni ungetundikwa ubao mkubwa uliochongwa na Kasyoki, fundi wa Wamunyu, kule kwa wachonga vinyago, wenye maneno haya: HAPA ULANGA ULIONEKANA KWANZA NA, halafu pengo. Kasyoki aliacha pengo kwa sababu chama kilikuwa hakijakubaliana jina, lakini kwa kuwa fundi wa Wamunyu akiona mbao tupu mikono humwasha, alikuwa ameshachonga twiga upande wa kulia, twiga mzima na shingo yake, aliyekula nusu ya ubao.

"Twiga wa nini kwa mambo ya mgodi?" aliulizwa.

"Twiga ni ya urembo," alijibu Kasyoki. "Hiyo haina makosa."

Vita vilikuwa kwenye lile pengo. Mwenyekiti Mwangangi, chifu msaidizi mstaafu mwenye tumbo na tai, alitaka liandikwe jina la baba yake, Muli. Kila mtu alijua kwamba Muli ndiye aliyempelekea Mzungu kipande cha kwanza cha ulanga, akazawadiwa baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwapo, imening'inizwa ukutani mwa banda, haina tairi wala mnyororo, na Mwangangi aliipaka mafuta kila Jumapili kama anayempaka mtoto.

Katibu alikuwa Kalondu, mshonaji wa sare za shule pale sokoni, mwanamke wa miaka sitini na kidogo, mwenye kovu dogo pembeni mwa mdomo lililomfanya aonekane anacheka hata akiwa na hasira. Yeye alitaka jina la mama yake, Nthambi. Na alilitaka kufa kupona. Nthambi alifariki Kalondu akiwa mdogo hata hakumbuki sura. Picha haikuwapo. Kaburi lilikuwapo, lakini mgodi ulipopanuka, vifusi vilimwagwa juu yake mpaka hakuna aliyeweza tena kuonyesha mahali. Baba yake Kalondu, aliyechunga ng'ombe wa ranchi kule Konza, alimchukua akalelewa huko na shangazi, na shangazi alimwachia maneno mawili tu kuhusu huko alikotoka: kwamba mama yake ndiye aliyeanza kuuona ulanga, na kwamba kovu la mdomo alikatwa na kibuyu kilichovunjika. Neno la kwanza Kalondu alilishika maisha yake yote. La pili hakulifikiria hata mara moja.

Sasa basi, kama jina la Nthambi halingekuwa kwenye ule ubao, lingekuwa wapi tena duniani? Kalondu alipofikiria hivyo alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sindano zikavunjika.

Chama, kwa kuwa kilikuwa na muhuri, kilikuwa pia na kanuni. Kanuni ilisema jina haliingii kwenye ubao bila ushahidi wa wazee ulionaswa kwenye kaseti. Muli alikuwa na mashahidi kadhaa na baiskeli. Nthambi hakuwa na mtu, isipokuwa mmoja: Kamanthe, bibi wa miaka themanini na zaidi, aliyekuwa kiongozi wa nyimbo katika mwethya, yaani kile kikundi cha wanawake waliolima matuta ya kilima kizima kwa zamu, shamba hili leo, lile kesho, wakiimba kutwa.

"Mama yako yuko ndani ya wimbo," Kamanthe alimwambia. "Wimbo wa ulanga. Lakini yuko mbali, nyuma ya beti nyingi. Mimi siwezi kuruka ukuta nimfikie, lazima nipitie mlangoni."

"Na mbona sijawahi kuusikia, mwaitu?" Kalondu aliuliza, akimwita mama kwa heshima ya Kikamba. "Nimeolewa hapa miaka yote hii."

"Ulipokuja kuolewa tuliuruka ubeti wako. Mtu haimbiwi mama yake aliyekufa. Saa hii umezeeka, utavumilia."

Basi chama kikafanya kosa ambalo ni chama chenye muhuri tu kingeweza kulifanya. Kiliwaalika bibi wote wa mwethya darasani, katika shule ya msingi, kikawakalisha kwenye viti kwa adabu, kila mmoja na Fanta yake, na Salad akaweka mezani redio kaseti yake kubwa aliyozoea kusikilizia habari za Kisomali. Mwangangi akakohoa, akasema kwa sauti ya mkutano, "Mama Kamanthe, karibu utuimbie hiyo wimbo."

Kamanthe alifungua kinywa. Akakifunga. Akanywa Fanta. Akafungua tena, akatoa sauti nzuri, nyembamba, iliyosafiri vizuri kwa mistari miwili halafu ikageuka ikawa wimbo wa kanisani. Akaanza upya, ikageuka tena. Kavutha, aliyekuwa mwitikiaji wake tangu ujana, alikuwa amelala, chupa ikimwagikia mapajani. Bibi mwingine aliimba tangazo la sabuni.

"Wimbo umepotea," akasema Kamanthe, naye mwenyewe ameshangaa. "Nilikuwa nayo jana."

"Andika hakuna ushahidi," Mwangangi akamwambia katibu wake, na hakusema kwa ubaya, lakini mkono ulikuwa tayari unatafuta muhuri. Kalondu aliandika. Machozi yalimtoka pale pale mbele ya watu, na lile kovu likamfanya aonekane analia na kucheka.

Zilikuwa zimebaki siku chache jumba lifunguliwe na mgeni rasmi kutoka ofisi ya wilaya. Kalondu alikwenda kwa Kamanthe kumpelekea gauni la sherehe alilomshonea, akamkuta shambani ameinama, analima kunde. Na analima akiimba! Si wimbo wa kanisani. Ni kitu cha mwendo mzito, jembe likishuka na neno linashuka, jembe likipanda pumzi inapanda.

"Mwaitu! Ndio huo?"

Kamanthe alisimama wima kumjibu, na wimbo ukakatika kama maji ya bomba la mjini. Alipoinama tena na kupiga jembe, ukarudi pale pale ulipoachwa. Wakatazamana. Kamanthe akaanza kucheka mpaka akashika mgongo.

"Kumbe sio mimi naimba," alisema. "Jembe ndilo linaloimba. Mimi naitikia tu!"

Kalondu, kwa pupa, akamvuta mkono mpaka uwanja mtupu kando ya njia, akamwomba alime hapo hapo, alime tu, ili amsikilize. Kamanthe alipiga jembe mara mbili, akasimama.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Si kazi ya mtu, mwaitu. Ni ya kusikiza wimbo."

"Basi hautoki. Hatukuwahi kulima uongo. Niletee wenzangu, niletee filimbi, na unipatie kazi ya kweli."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Kalondu siku hiyo zilisimama. Wazo la kwanza lilikuwa wapi ataipata kazi ya kweli. La pili lilikuwa kwamba mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imechimba korongo kutoka juu ya kilima, likielekea moja kwa moja ukutani mwa jumba la kumbukumbu. Mvua nyingine kama ile, baiskeli ya Muli ingeogelea. La tatu lilimtia wazimu wa furaha hata akasahau kumpimia Kamanthe lile gauni.

Asubuhi ya sherehe, lori la Salad lilizunguka vilima vyote vya Kalama likikusanya bibi wa mwethya, kama chama kilivyoagiza. Waliketi nyuma wakiwa wamependeza, vilemba vyeupe, magauni mapya. Chini ya turubai la mbuzi kulikuwa na majembe ambayo chama hakikuagiza. Salad aliyaona. Alimtazama Kalondu, akatazama mbingu, akasema, "Mimi ni mweka hazina. Hii si hazina." Akaliwasha lori.

Kwenye uwanja wa banda, kila kitu kilikuwa kimepangwa. Hema la mgeni rasmi lilikuwa na viti vya kochi vilivyoazimwa. Wanafunzi walikuwa wamesimama mistari tayari kwa shairi. Ubao ulikuwa umefunikwa kitambaa, na Kasyoki amekaa chini yake na patasi mkononi, akisubiri aambiwe achonge jina gani. Mwangangi alikuwa amefunga tai nyekundu na kubana suruali kwa vile vibanio vya baiskeli vya marehemu baba yake.

Kamanthe alishuka. Hakuketi. Alipanda juu kidogo ya banda, akafumba jicho moja, akatazama mteremko, akanyoosha mkono kuonyesha mahali mtaro utakapopita ili ukate yale maji. Macho yake hayakuwa na kosa, yalikuwa yamepima matuta ya maisha mazima. Kwa bahati mbaya mstari wenyewe ulipita katikati ya hema la mgeni rasmi.

"Mwaitu, hapo kuna hema," Kalondu alinong'ona, roho juu.

"Maji yanajua ni hema?" Kamanthe akatia filimbi mdomoni, akapuliza.

Lo! Wewe uliyezaliwa juzi hujui filimbi ya mwethya inavyowafanya wanawake. Mabibi waliokuwa wakisaidiwa kushuka lorini waliruka kama vijana, magauni yakafungwa viunoni, majembe yakatoka chini ya turubai, na kabla Mwangangi hajamaliza kusema "Jamani, itifaki!" mstari wa wanawake ulikuwa umeshasimama na udongo unarushwa juu, fanya juu halisi, ile ya kumwaga udongo upande wa mlima. Kochi la kwanza liliondolewa. La pili liliondoka lenyewe, likaserereka mpaka mlangoni mwa banda.

Na wimbo ukatoka! Kamanthe akiita, wenzake wakiitikia, Kavutha akiwa macho kuliko watu wote. Salad alibonyeza redio yake, na Kalondu akaibeba kifuani, akawa anatembea kinyumenyume mbele ya majembe ili asikose neno. Wimbo ulikuwa wa Kikamba, nami nauleta hapa kwa Kiswahili. Ukipungua utamu, nilaumiwe mimi. Ulianza na Mzungu na magoti yake mekundu. Ukaja kwa mpishi wake aliyemwibia sukari akaificha kwenye kofia, mvua ikanyesha. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Kisha ukaja ubeti huu:

*Mwangangi wa Muli, nani alikula mshumaa?
Mshumaa wa mgodi, akidhani ni mafuta ya kondoo!*

Umati ulipasuka. Mwangangi alisimama, tai imepinda, akageuka huku na huku akitafuta wa kumlalamikia. Hakumpata. "Nilikuwa na njaa!" alifoka. "Na nilikuwa mdogo!" Lakini alijua sheria, kwa maana hakuna mtoto wa Kwa Nzeki asiyeijua: katika mwethya, anayeimbwa hushika jembe. Ukiimbwa ukabaki umesimama, utaimbwa mpaka wajukuu zako. Akavua koti, akapewa jembe, akaingia mstarini akinung'unika. Baada ya mapigo machache manung'uniko yalianza kufuata mdundo, na baada ya mengine machache alikuwa anaitikia kwa sauti kuliko wote.

Ndipo gari la mgeni rasmi lilipofika, likasimama mbele ya mtaro. Mgeni alishuka, mtu mnene wa suti, akatafuta hema lake akaona handaki. Kamanthe hakupoteza pigo. Alimtungia ubeti papo hapo, wa tumbo lililotangulia kufika wilayani na mwenyewe akalifuata. Mgeni akacheka mpaka miwani ikaanguka, akauliza ni programu ya wizara gani hii, akaambiwa sheria, na masikini ya Mungu akakunja suruali yake nzuri. Wanafunzi walianza shairi lao peke yao, hakuna aliyewasikiliza, wakaliacha, wakaenda kuokota mawe.

Kalondu hakucheka tena. Aliitupia macho redio. Kaseti ilikuwa inakaribia mwisho wa upande na mtaro ulikuwa unakaribia korongo, na kazi ikiisha wimbo utaisha. Nthambi alikuwa bado hajatajwa. Alianza kuomba kimoyomoyo kwamba ardhi iwe ngumu kidogo. Ikawa ngumu. Majembe yaligonga mwamba, yakapunguza mwendo, na sauti ya Kamanthe ikashuka, ikawa ya mtu anayesimulia.

*Nthambi alilima kiangazi, mtoto kando kwenye kanga,
Kalondu, Kalondu, umeokota nini?*

Kalondu alisimama.

*Kaokota kioo cha ardhi, kakitia kinywani,
kioo kikamkata, damu mdomoni.
Nthambi katupa jembe, kapiga yowe mpaka ng'ambo,
kakitoa kwa kidole, kakitupa bondeni:
"Ng'aa huko huko wewe! Mimi wangu ni huyu!"
Bondeni yuko Muli, kioo kikamgonga kichwani.
Muli kapata baiskeli,
Nthambi kapata mtoto.*

Mkono wa Kalondu ulipanda wenyewe mpaka kwenye kovu. Kibuyu! Shangazi na kibuyu chake! Macho ya kilima kizima yalikuwa mdomoni mwake, na kwa mara ya kwanza hakuyaonea haya. Maisha yake yote alikuwa amempigania mama aliyegundua mali, na kumbe mama yake aliitazama mali ile, ikimwaga mwanga mkononi, akaitupa kama taka, akainama kuokota mtoto. Alitaka kulia, akacheka. Alitaka kucheka, akalia. Kwa uso wake ilikuwa ni kitu kimoja.

"Umesikia?" Mwangangi alitoka mtaroni mbio, udongo mpaka kwenye nyusi. "Katibu, umesikia? Ni baba aliokota!"

"Ni mama alitupa!" Kalondu akapiga kelele.

"Ilimgonga kichwa!"

"Ilimgonga kichwa, Chairman!"

Wakakumbatiana, na wakarukaruka mbele ya mgeni rasmi bila heshima yoyote, mwenyekiti na katibu waliokuwa hawajasalimiana vizuri tangu Krismasi. Salad alisema kaseti imenasa kila kitu, na pale mwanzo kabisa kuna habari za Kisomali kidogo, lakini hizo nazo ni historia.

"Sasa nichonge nani?" Kasyoki aliuliza, patasi hewani.

"Muli!" akasema mmoja.

"Nthambi!"

"Kalondu mwenyewe! Si ndiye aliuona kwanza, hata meno hana?"

Kalondu akapangusa uso kwa kiganja. "Chonga vile wimbo unasema. Uliokotwa na Kalondu, ukatupwa na Nthambi, ukampiga Muli."

"Hiyo ni mengi. Nafasi iko wapi?"

"Si ulichonga twiga bila kuulizwa? Zungusha maneno kwa shingo yake."

Kasyoki aliutazama ubao, akainamisha kichwa, akapima shingo ya twiga kwa shubiri. Akaanza kupiga mluzi, ishara kwamba imewezekana.

Filimbi ikalia. Kamanthe alikuwa ameegemea jembe lake, pumzi juu, anamtazama Kalondu kwa ukali wa uongo.

"Wewe. Umeimbwa, na bado umesimama."

Kalondu alimkabidhi Salad redio. Alivua viatu vya sherehe, akafunga gauni kiunoni, akapokea jembe kutoka kwa Kavutha, likiwa bado na joto la mikono yake. Mstari ukamfungulia nafasi pale penye mwamba, karibu na korongo. Kamanthe akauita tena ule ubeti tangu mwanzo, pole pole, jembe likipanda, jembe likishuka, na ulipofika kwenye maneno ya Nthambi, wote walinyamaza wakamwachia.

"Mimi wangu ni huyu!" Kalondu akaitikia, akapiga jembe, na udongo ukaruka juu ukimetameta.